Mlima Haukupanda Meli

Jumapili, mwisho wa Mei. Mvua tangu alfajiri.

Mvua ya leo haina radi wala haraka. Inanyesha kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Masika yalitakiwa kuwa yameisha, lakini Morogoro mwenye kuamua ni mlima.

Niko chumbani kwa mama. Nimejiambia nimehamia huku kwa sababu bati la chumbani kwangu linavuja, nayo ni kweli, ila linavuja tone moja moja na ndoo ninayo. Dirisha la huku linatazama Uluguru. Leo dirishani hakuna mlima, kuna weupe tu, kama mtu ametundika shuka nje.

Simu iko pembeni yangu, na ndani yake kuna sauti ya mama. Ameniuliza swali, anataka jibu leo. Sijui nijibu nini. Nimejiwekea sharti: nikifika mwisho wa maandishi haya niwe nimemjibu.

Ila kwanza nitimize ahadi. Tangu niweke picha za meli hapa kwenye ukurasa wangu mwezi Desemba, wengi mmeniandikia. Meli kubwa ikoje? Mtu aende na watoto? Na mzazi mtu mzima je, ataweza? Nimewakwepa miezi yote hii, na siyo kwa dharau. Kila nikianza kuandika juu ya meli najikuta naandika juu ya mama.

Leo nitaacha iwe hivyo.

Dada yangu Zuhura anaishi Dubai na mumewe, shemeji Shabani, ambaye ni mhasibu huko, pamoja na watoto wao wawili. Desemba walitutumia tiketi mimi na mama, tukaungana nao na kupanda meli ya matembezi kwa wiki moja, kuzunguka miji ya Ghuba na kurudi pale pale tulipoanzia. Meli yenyewe ni kama mtaa wa maghorofa uliong'olewa ukawekwa majini. Ina lifti, maduka, mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho. Mama aliitazama akiwa bandarini, akajitanda kanga yake upya, akasema, "Na hii inaelea? Haya. Mungu ni mkubwa."

Jambo la kwanza ni begi la mkononi. Masanduku wanayachukua bandarini, na yanaweza kukufikia jioni kabisa. Sisi tuliacha dawa za presha za mama ndani ya sanduku. Tulishinda tunasubiri, Zuhura kamkasirikia mumewe, mumewe kawakasirikia wapagazi. Mama peke yake hakukasirika. Kwenye mkoba wake alikuwa na kanga mbili, kandambili na tasbihi. Akajifunga kanga moja, akajifunika nyingine, akalala. Kwa hiyo: dawa, kanga na kandambili zikae mkononi. Na sweta pia. Viyoyozi vya melini havina huruma, mimi nilikumbuka baridi ya Mgeta, kule mlimani.

Kama kuna mjamzito, ulizeni mapema. Zuhura alikuwa na mimba wakati ule, na mimba ikishakuwa kubwa hawakupokei. Yeye alikuwa bado, akapita kwa cheti cha daktari.

Chumba cha mzazi kiwe katikati ya meli, karibu na lifti. Katikati haiyumbi sana, halafu zile korido ni ndefu na milango yote inafanana. Siku ya kwanza mama alipotea mara mbili. Mara ya pili alipiga hodi kwenye mlango usio wetu, akafunguliwa na bibi mmoja wa Kizungu, wakakaa humo wakila biskuti bila kuelewana hata neno. Aliporudi alichana ukingo wa kanga yake kuukuu akaufunga kwenye kitasa chetu, ili asipotee tena. Mhudumu wa vyumba, baba mmoja mwenye adabu nyingi, akadhani ni kitambaa kilichosahauliwa. Akakifungua, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya mto. Mama akakifunga tena. Kesho yake kiko juu ya mto.

"Huyu baba ana ubishi," mama akasema, akapiga mafundo mawili.

Sasa, wahudumu wa meli wana mtindo wa kukunja taulo ziwe wanyama. Unarudi chumbani unamkuta tembo kitandani, au bata. Siku ya tatu tukafungua mlango, na pale juu ya kitanda amening'inia kwenye hanga tumbili wa taulo, kavaa miwani ya mama, shingoni kafungwa kile kipande cha kanga. Nadhani ndiyo ilikuwa njia ya yule baba kuomba amani. Mimi nilicheka. Mama hakuona mzaha. Mama amelima kijijini Kinole tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipogoma, na muda wote huo amepigana na tumbili. Wamemlia mahindi, wamemlia ndizi, wamemkejeli kutoka juu ya miti. Alivua kandambili, akampiga yule tumbili mpaka akarudi kuwa taulo.

"Hata baharini mmenifuata!"

Watoto wa Zuhura walicheka wakakaa chini. Siku zote zilizobaki walimbembeleza mhudumu akunje tumbili mwingine ili bibi ampige. Na bibi alimpiga, kila siku, kwa bidii ile ile.

Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu. Halafu nasikia kicheko cha mtu mmoja kinavyosikika ndani ya nyumba ya vyumba vinne, nanyamaza.

Chakula hakiishi, kipo asubuhi mpaka usiku. Msipakue kama watu wanaohama. Wasiokula nguruwe waulize mapema, wanaelekezwa vizuri tu. Bebeni tangawizi ya kutafuna kwa ajili ya kichefuchefu. Pilipili yenu pia bebeni, ya kule haina nguvu. Katikati ya bahari mtandao hakuna, au upo kwa bei ya kukatisha tamaa, kwa hiyo chagueni mahali pa kukutana mkipoteana. Sisi tulichagua pale kwenye piano.

Kuna jambo ambalo sikulisoma kwenye ukurasa wowote wa ushauri kabla ya kwenda, nalo ni kibla.

Nyumbani mama hahitaji dira. Mji wetu umekaa kaskazini mwa mlima, chini yake kabisa, nasi tukisali tunaelekea kaskazini. Kwa hiyo alitufundisha tukiwa wadogo: mlima mgongoni, basi. Uwe sokoni, uwe kwa jirani, uwe umechelewa njiani, ukitaka kusali unautafuta mlima, unaupa mgongo, umemaliza.

Kwenye meli hakuna mlima. Mbaya zaidi, meli inageuka. Adhuhuri mna uhakika wa upande, alasiri chumba kizima kimeshaelekea kwingine. Dira ya simu, ndani ya chuma kingi namna ile, ilizunguka kama imelewa. Shemeji akamwambia mama kwa upole kwamba msafiri ana ruhusa, ajitahidi tu, Mungu anapokea.

"Ruhusa naijua, baba," mama akajibu. "Lakini kama mtu wa kuniangalizia yupo, kwa nini nibahatishe?"

Mtu wa kumwangalizia nilikuwa mimi.

Televisheni ya chumbani ilikuwa na stesheni moja inayoonyesha ramani, na meli inatambaa juu yake kama siafu. Wakati wa swala ukikaribia niliifungua, nikapanda sitaha ya juu kuangalia jua liko wapi, nikashuka mbio na kunyoosha mkono. "Pale mama, kwenye kona ya kabati." Au: "Sasa hivi ni mlangoni." Anatandika msala, anasimama, na kabla hajaanza ananiuliza bila kugeuka, "Na mlima wangu uko wapi?"

"Mbele, upande wa kushoto. Mbali sana."

"Haya. Leo mgongo wangu uko wazi."

Halafu anasali.

Sijawahi kuhitajika namna ile. Chuoni ninakofundisha wananihitaji kwa alama na saini. Marafiki wananihitaji kwa ushauri, kisha wanafanya walichokuwa wameamua tangu mwanzo. Kwa wiki moja, kwenye meli yenye maelfu ya watu, nilikuwa mtu mmoja anayejua mlima uko wapi.

Karibu na mwisho wa safari, tukiwa mezani mchana, Zuhura alisema mama asirudi kwanza. Abaki naye mpaka ajifungue, amkande, amalize naye arobaini. Hakuna wa kupinga hilo. Halafu, huku akimmenyea mtoto chungwa, akaongeza:

"Na baadaye tutaona. Kwani Morogoro una nani, mama? Salma msomi, keshokutwa kaolewa au kapata masomo ya nje. Utabaki na kuku?"

"Kuku nimeshauza," mama akasema.

Tukacheka wote. Na mimi nilicheka. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami niliona aibu kushindana na mimba.

Nilirudi peke yangu. Nilishuka stendi ya Msamvu nikiwa na sanduku langu na sanduku la mama, maana alisema nguo zake za mvua na mashuka mazito hazina kazi kule. Dereva wa bajaji alikuwa wa mtaani kwetu, ananijua.

"Mama yuko wapi?"

"Kabaki kwa dada."

Akanyanyua sanduku la pili. "Sasa hili la nani?"

Nikamwambia alipakie tu.

Kwetu Waluguru ukoo unatoka kwa mama. Mtu akiniuliza mimi wa wapi, namtaja mama, na mama yake mama. Baba, Mungu amrehemu, ndiye aliyejenga nyumba hii ya Mafiga, lakini sijamsikia mtu akiiita ya baba. Wapita njia wanasema "kwa Mama Zuhura". Bado wanasema hivyo. Nami naingia na kutoka kama mlinzi aliyeachiwa funguo.

Sijajifunza kupika wali wa mtu mmoja. Ninapunguza mchele, unabaki. Ninapunguza tena, unabaki. Nimeacha kuwasha taa ya sebuleni kwa sababu hakuna anayekaa sebuleni. Ramadhani nilifuturu peke yangu karibu yote, na hapa sikuandika hata mstari. Jirani yetu, Mama Swalehe, alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Salma, futari ya mtu mmoja nayo ni futari? Njoo kwetu, acha usomi." Nilikwenda mara mbili. Baadaye nikaanza kusingizia mitihani ya kusahihisha. Hawakunikosea chochote. Ni vile walivyonipisha mkekani, kila mtu akisogea kidogo ili mgeni apate nafasi.

Mama hupiga simu kila siku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mlima umeamkaje?"

Hicho ndicho anachouliza kwanza, kabla ya kunijulia hali. Nami natoa taarifa: leo umevaa wingu, leo uko wazi, leo unaonekana nusu. Kisha anauliza kama nimekula. Nasema nimekula. Kwa habari ya chakula nimekuwa mwongo hodari.

Mtoto wa Zuhura alizaliwa Aprili, wa kiume, mzima kabisa. Wiki hii arobaini imekwisha. Na leo asubuhi ukaja ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri.

"Salma, mwanangu. Dada yako katoka arobaini salama, tunamshukuru Mungu. Sasa wanataka kunikatia kibali cha kukaa huku moja kwa moja. Shemeji yako anapeleka makaratasi kesho asubuhi. Nimewaambia wangoje kwanza nisikie kwako. Wewe wasemaje?"

Kabla sauti haijakatika mtoto analia nyuma yake, naye anasema, "Haya, haya, bibi yupo."

Bibi yupo.

Hapo ndipo ninapokwama. Kule kuna wajukuu watatu, hospitali iko karibu kiasi cha kutembea, na lifti inayomhurumia magoti. Hapa kuna bati linalovuja na mimi. Nikimwambia arudi, namwitia nini? Aje kunipikia? Aje anisikilize nikilalamika juu ya wakuu wangu wa idara? Na masomo ya nje je? Siyo uongo, nimeomba nafasi. Nikiipata, nimrudishe mama kutoka kwa wajukuu zake ili abaki na nyumba tupu kama ninavyobaki mimi?

Nimeandika majibu mawili nikayafuta. La kwanza: "Uamuzi ni wako mama, popote utakapokuwa na amani." La pili: "Usinifikirie mimi, niko sawa." Yalikuwa majibu mazuri. Yangepata alama zote kwenye mtihani. Hakuna hata moja lililokuwa na mimi ndani.

Mchana Zuhura akapiga. Nilidhani ananishinikiza, kumbe alitaka kucheka na mtu.

"We Salma, mama yako ana vituko! Unaikumbuka ile picha ya mlima uliyomtumia?"

Naikumbuka. Niliipiga kwenye dirisha hili hili mwezi wa pili, asubuhi moja mlima ulipokuwa umenawa uso.

"Basi kamchukua shemeji yako mpaka dukani, wameichapisha kubwa, kama kalenda. Anaibandika ukutani. Nikamwambia mama, iweke hapa mbele uwe unaitazama ukikaa. Hataki! Kaiweka nyuma ya msala wake. Anasali kaipa mgongo. Sasa picha ya kuipa mgongo ni ya nini, mdogo wangu?"

Nilicheka naye. Nikamwambia nina kitu jikoni, nikakata.

Jikoni sikuwa na kitu.

Zuhura amesahau somo la mlima mgongoni, na siyo kosa lake, ameishi mbali miaka mingi na huko kibla cha nyumbani kwake hakibadiliki. Lakini mimi niliona kana kwamba niko pale. Nilimwona mama sebuleni kwa watu, ghorofani, kioo kikubwa kikionyesha maghorofa mengine, anatandika msala, halafu anageuka kwanza kuhakikisha kuwa mlima upo. Karatasi. Amejitafutia mlima wa karatasi ili mgongo wake usiwe wazi.

Miezi mitano ananiuliza mlima umeamkaje, nami nimekuwa nikimjibu habari za mawingu.

Nilishika simu nikarekodi mara moja, bila kuandika kwanza, jambo ambalo silifanyi kamwe. Nilisema hivi:

"Shikamoo mama. Umeniuliza nasemaje. Nasema rudi. Siumwi, na nyumba ipo, bati tu linavuja kidogo. Sikuiti kwa ajili ya hayo. Nakutaka nyumbani. Nikipata masomo tutakaa tuzungumze, wewe na mimi, siyo mtu atuamulie mezani. Lakini kwa sasa nakutaka. Dada nitazungumza naye mwenyewe."

Sikujisikiliza. Nikatuma hivyo hivyo.

Alama za ujumbe zikawa za bluu, amesikia. Kisha hakuna kitu. Nimefagia chumba. Nimemwaga maji ya ndoo na kuirudisha chini ya tundu. Nimerudi hapa kumalizia maandishi niliyoyaanza asubuhi kwa meli na tumbili na tangawizi, ili nisiitazame simu. Nimemfikiria Zuhura akiwa na mtoto mchanga mkononi, akiambiwa. Atalia. Ana haki. Ni mama yake pia, na mimi nimemwomba arudi. Nikimaliza hapa nitampigia, na sitajificha nyuma ya maneno mazuri.

Jibu limeingia sasa hivi, magharibi ikikaribia. Ni fupi. Linaanza mama akizungumza na mtu mwingine: "Ngoja kwanza Zuhura, naongea na mdogo wako." Halafu anashusha pumzi.

"Marahaba. Kumbe unajua kusema. Haya, sikiliza. Kesho jua likitoka, toa godoro langu nje ulianike, pande zote mbili. Litakuwa limeshika unyevu."

Basi. Hakuna lingine.

Nimeweka kiganja juu ya godoro. Mchana kutwa nimelikalia bila kuhisi, na kweli lina unyevu.

Nje bado kunanyesha. Mlima siuoni, ila najua ulipo. Nimetandika msala wa mama nikaligeuzia dirisha mgongo. Kesho, mvua ikikubali, nina godoro la kuanika.